Daftari Lililochomwa Kando ya Mto Wabash

Mwaka 1818, katika kijiji cha Harmony huko Indiana, Marekani, watu walioishi kwa mali ya pamoja walilitwaa daftari lililoonyesha kila mmoja wao alileta nini siku alipojiunga, wakalichoma moto. Walifanya hivyo kwa ridhaa ya wote. Walikuwamo kati yao waliouza mashamba na mizabibu yao huko Württemberg, Ujerumani, wakaleta fedha zote. Walikuwamo pia waliofika karibu mikono mitupu. Baada ya moto ule hakuna aliyeweza tena kuonyesha kwa maandishi kwamba alitoa zaidi ya jirani yake.

Kitendo hicho kimenikaa moyoni kwa majuma kadhaa sasa.

Mtu anaweza kukubali kugawana mavuno, anaweza hata kukubali kula chungu kimoja na watu wasio ndugu zake, lakini hupenda ibaki mahali fulani kumbukumbu ya kile alichotoa. Hata anayechangia harusi au msiba huchungulia daftari kuona kama jina lake limeandikwa sawasawa. Watu wa Harmony waliamua kumbukumbu hiyo isiwepo kabisa. Tangu nilipoanza kujiuliza kwa nini baadhi ya jumuiya za kidini za karne ya 19 zilidumu kwa vizazi ilhali nyingine nyingi, zenye maono mazuri na watu wenye elimu, zilisambaratika kabla watoto waliozaliwa humo hawajajua kusoma, kila njia niliyoifuata imenirudisha kwenye moto ule, wala si kila mara umeonekana kuwa moto wa heri.

## Nyumba zile zile, watu wengine

Kiongozi wao, George Rapp, alikuwa mfumaji aliyejitenga na kanisa la serikali la Württemberg na kuteswa kwa ajili hiyo. Alifika Marekani mwaka 1803 kutafuta ardhi, wafuasi wake wakamfuata, na mwaka 1805 wakaunda jumuiya yao rasmi Pennsylvania. Miaka miwili baadaye walikubaliana kuishi useja, hata wale waliokwisha kuoana, kwa kuwa waliamini Kristo angerudi wakiwa hai na walitaka awakute wakiwa safi. Mwaka 1814 walihamia Indiana. Malaria iliua zaidi ya mia moja kati yao katika miaka ya mwanzo. Waliosalia wakaondoa maji kwenye vinamasi, wakapanda mizabibu, wakajenga viwanda vya sufu, vinu vya nafaka na nyumba imara za matofali, na bidhaa zao zikauzwa mbali kupitia mtoni.

Kisha wakauza kila kitu.

Mnunuzi, mwaka 1825, alikuwa Robert Owen, tajiri wa viwanda vya pamba vya New Lanark, Scotland, aliyekwisha kujijengea sifa kwa kuwatendea wafanyakazi wake kwa utu na kuwasomesha watoto wao. Owen aliamini kwamba tabia ya mwanadamu hujengwa na mazingira yake, kwa hiyo ukimweka mtu mahali pema atakuwa mwema. Alihutubia katika Bunge la Marekani, akawaalika watu wachapakazi na wenye nia njema wa mataifa yote, na katika muda mfupi mamia wakafurika kijiji alichokiita New Harmony. Hawakuhitaji kufyeka msitu wala kufyatua tofali. Walikuta nyumba, mashine, bustani na mashamba yaliyokwisha kulimwa.

Mwaka 1827 jaribio lilikuwa limekwisha, na sehemu kubwa ya utajiri wa Owen ilikuwa imepotea.

Ni nadra historia kutupa ulinganisho wa wazi namna hii. Udongo ni ule ule, mto ni ule ule, hata majengo ni yale yale. Kilichobadilika ni watu na kile kilichowaunganisha. Tukishika nadharia ya Owen mwenyewe, kijiji kile kilipaswa kuwafinyanga wakazi wapya. Hakikufanya hivyo. Ndani ya miaka miwili waliandika katiba moja baada ya nyingine na kugawanyika vikundi, huku viwanda kadhaa vikisimama kwa kukosa mafundi wa kuviendesha.

Jambo moja katika taratibu zao lilinifanya nisimame. Huko New Harmony kazi ya kila mwanachama ilikadiriwa na kuandikwa, naye akachukua mahitaji yake katika duka la jumuiya kwa kadiri ya hesabu yake. Daftari lililochomwa mwaka 1818 lilikuwa limerudi kijijini, tena safari hii likiandikwa siku kwa siku. Na mahali ambapo kila mtu anajua jirani yake ameandikiwa kiasi gani, swali la nani anafanya kazi na nani anawategea wenzake halilali.

## Je, ni kujinyima tu?

Jibu linalotolewa mara nyingi na wataalamu ni kwamba jumuiya zilizodumu zilidai mengi. Mwanasosholojia Rosabeth Moss Kanter alizichunguza jumuiya 30 zilizoanzishwa Marekani kati ya mwaka 1780 na 1860, akazihesabu kuwa zimefaulu zile zilizofikisha angalau miaka 25. Zilikuwa 9 tu. Hizo ndizo zilizowataka watu waache mengi zaidi: mali binafsi, mavazi ya kujipamba, mawasiliano na ulimwengu wa nje, wakati mwingine ndoa yenyewe. Hoja inaeleweka kwa urahisi. Aliyeuza shamba lake ili ajiunge hataondoka kwa sababu ya ugomvi wa jikoni, na asiye na nia ya dhati hataanza safari yenye gharama kama hiyo.

Nusura niridhike hapo.

Kilichonizuia ni utafiti wa Richard Sosis na Eric Bressler uliotoka mwaka 2003, waliopima masharti ya jumuiya 83 za karne ile. Katika jumuiya za kidini, kadiri masharti ya kujinyima yalivyokuwa mengi ndivyo jumuiya ilivyodumu. Katika jumuiya zisizo za kidini, masharti yale yale hayakuongeza maisha yao. Kumkataza mtu pombe, nyama au mali yake hakukutosha. Mfano wa wazi ni Fruitlands, shamba la Massachusetts ambako Bronson Alcott na wenzake walijikatalia nyama, maziwa, hata nguo za pamba kwa kuwa pamba ilitokana na kazi ya watumwa. Walianza katikati ya mwaka 1843, na kabla majira ya baridi hayajaisha walikuwa wametawanyika.

Kwa hiyo kujinyima kulihitaji kitu kingine chini yake. Nadhani kitu hicho ni mpokeaji. Mtu anayeacha mali kwa ajili ya mpango wa kijamii ameitoa kwa wanadamu wenzake, nao wanaweza kuulizwa kila jioni kama mpango unaendelea vizuri, na wasipojibu vema ana haki ya kuona amepunjwa. Aliyeiacha kwa ajili ya Mungu hana wa kumdai. Hawezi kwenda kwa msimamizi wa ghala na kusema kwamba sadaka yake imezidi ya mwenzake, kwa sababu katika imani yake aliyeipokea si msimamizi wa ghala. Imani iliwapa ushupavu, hilo najua. Lakini naona kwamba kazi yake kubwa zaidi ilikuwa kuliondoa kati yao lile swali la nani anamdai nani, ambalo hakuna katiba ya Owen iliyoweza kulijibu.

## Amana inavuruga hesabu yangu

Jumuiya ya Amana hainiachi nitulie na maelezo hayo. Wainspiratisti, kundi la kidini lililoanza Ujerumani mwaka 1714, walivuka bahari wakiongozwa na Christian Metz kuanzia mwaka 1842, wakakaa kwanza karibu na Buffalo, kisha kuanzia mwaka 1855 wakahamia Iowa, ambako walikuja kuwa na vijiji saba. Walisali pamoja mara 11 kwa juma. Walikula katika majiko ya pamoja yaliyosimamiwa na wanawake, kila jiko likihudumia watu thelathini au arobaini. Waliamini kwamba Mungu alisema nao kupitia watu waliowaita vyombo vyake, na wa mwisho wao, Barbara Heinemann Landmann, alifariki mwaka 1883.

Na walikuwa na daftari. Kila mtu alipewa kiasi fulani kwa mwaka katika duka la kijiji, na alichochukua kiliandikwa.

Nililitazama jambo hili kwa muda mrefu kabla ya kuona tofauti. Kiasi kile hakikuwa malipo ya kazi. Mtu hakuongezewa kwa kuvuna zaidi wala hakupunguziwa kwa kuugua. Alipewa kwa kuwa alikuwa mmoja wao, na wazee ndio waliokadiria mahitaji yake. Daftari la Amana lilihesabu kilichotumika, lile la New Harmony likahesabu kilichostahiliwa. Hilo la pili ndilo linalowageuza wenza kuwa washindani.

Lakini Amana inafundisha jambo jingine ambalo nadharia za kujinyima hulipita haraka. Watu hawa hawakukutana Iowa. Walikuwa wamesali pamoja Ujerumani kwa miongo mingi, wakakodi mashamba pamoja, wakakimbia faini na vifungo pamoja, wakaoleana, wakazika wazazi wao pamoja. Hata mali ya pamoja hawakuianza kwa sababu ya nadharia. Waliichukua Marekani kwa sababu bila hiyo maskini wao wasingeweza kulipia ardhi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wakimbizi wa kidini wa Zoar, Ohio, waliofika mwaka 1817 na kuunganisha mali mwaka 1819 baada ya kuona kwamba kila familia peke yake ingezama katika deni. Walilipa deni hilo kwa kuchimba sehemu ya mfereji mkubwa wa Ohio na Erie kwa mikono yao, wanawake wakiwamo.

Owen alikusanya watu akitumaini watakuwa jumuiya. Hawa walikuwa jumuiya tayari, wakatafuta ardhi.

## Mlango wa kuingilia

Washaker, kundi jingine la Kikristo lililoishi kwa useja na mali ya pamoja, hawakuwa na ukoo mmoja wala lugha ya pekee ya kuwaunganisha kama Wajerumani wale, na kwa sababu hiyo walihitaji mlango wenye ulinzi zaidi. Mwanzilishi wao, Ann Lee, alitoka Manchester, Uingereza, mwaka 1774 akiwa na wafuasi wachache, akafariki miaka kumi baadaye. Ni Joseph Meacham na Lucy Wright waliozipa jumuiya zao utaratibu uliodumu. Mgeni hakutia sahihi agano siku ya kwanza. Alikaa katika kundi la wanaoanza, akaungama dhambi zake mbele ya mzee, akatazamwa, naye akawatazama. Wengi waliondoka wakiwa bado katika hatua hiyo, na kuondoka kwao hakukuvunja kitu.

Hapa sina budi kusema jambo linaloniuma kama msomaji Mwafrika. Mwaliko wa Owen kwa mataifa yote haukuwa kwa wote: katiba ya kwanza ya New Harmony iliwatenga waziwazi watu weusi wasiwe wanachama. Upande wa Washaker alikuwako Rebecca Cox Jackson, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru mwaka 1795, aliyejiunga nao huko Watervliet, New York, kisha akarudi Philadelphia kuanzisha kundi la Washaker lililokuwa na wanawake weusi wengi. Alikuwa amewalaumu wazee wa Watervliet kwa kutowajali watu wake, na haikuwa rahisi kupata idhini yao. Hata hivyo aliipata, na kundi lile liliendelea baada ya kifo chake mwaka 1871. Simsifu mtu kupita kiasi hapa. Nasema tu kwamba imani ya kuwa roho zote zinasimama mbele ya Mungu mmoja ilimpa Rebecca Jackson hoja ambayo wazee walishindwa kuikana, na katika katiba ya Owen asingepata hata pa kuanzia.

## Dola mia mbili

Sasa narudi kwenye upande wa moto ule usiopendeza.

Waharmoni walipohamia kijiji chao cha tatu, Economy, karibu na Pittsburgh, alifika kwao Mjerumani aliyejiita Count Leon na kudai cheo cha kinabii. Mwaka 1832 takriban theluthi ya jumuiya ilimfuata mtu huyo, na walipewa dola 105,000 kwa sharti la kuacha madai yao yote. Pigo hilo liliwatia hofu waliobaki. Mkataba wao wa mwaka 1805 uliahidi kwamba anayeondoka angerudishiwa alichokileta. Mwaka 1836 walikifuta kifungu hicho. Daftari lilikwisha kuchomwa, na sasa hata ahadi iliyobaki imeondolewa.

Miaka kumi baadaye Joshua Nachtrieb aliondoka Economy baada ya kuitumikia jumuiya kwa miaka mingi. Alipewa dola 200, zikaitwa zawadi, akatia sahihi. Kisha akashtaki, akidai kwamba alifukuzwa isivyo haki na kwamba alistahili fungu lake katika mali aliyosaidia kuichuma. Mahakama ya kwanza ilimkubalia. Mahakama Kuu ya Marekani ikaibatilisha hukumu hiyo mwaka 1856.

Nilipofika kwenye kesi hiyo ilinibidi niusome upya mwanzo wote wa habari. Kitendo kilichoonekana kuwa kilele cha upendo kilikuwa pia kitendo kilichomwacha mtu wa makamo, asiye na mke wala shamba, akianza maisha na dola mia mbili. Mwaka 1818 walioridhia kuchoma daftari walijua wanachotoa. Je, Nachtrieb na wenzake waliofuata waliridhia kwa kiwango kile kile? Na katika ile miaka mingi ya udumifu tunayoihesabu kuwa mafanikio, ni mingapi iliyotokana na imani, na mingapi na ukweli kwamba mlango wa kutokea uliongoza gizani?

Sidhani majibu haya mawili yanaweza kutenganishwa. Kuondolewa kwa hesabu kulimfanya fukara awe sawa na tajiri, na kulimfanya anayetaka kuondoka asiwe na cha kudai. Ni tendo moja. Anayelipenda tunda lake la kwanza anapaswa kulitazama na la pili usoni, na mimi bado nalipenda la kwanza.

## Kipimo cha miaka

Kuna shaka nyingine, inayohusu neno kufaulu lenyewe. Jumuiya ya Harmony ilidumu tangu 1805 hadi 1905. Uzeeni ilikuwa tajiri mno, ikiwa na hisa katika reli na mafuta, lakini useja ulikuwa umefanya kazi yake na wanachama walikuwa wachache na wazee. Mdhamini wa mwisho mwenye nguvu, John Duss, alikuwa kiongozi wa bendi aliyetumia sehemu ya utajiri huo kufanya maonyesho ya muziki New York. Wazao wa wanachama wa zamani walikwenda tena mahakamani, wakashindwa tena mwaka 1902.

New Harmony, iliyokufa baada ya miaka miwili, iliacha watu. David Dale Owen, mwana wa Robert, alifanya uchunguzi wa miamba na madini wa majimbo kadhaa akiwa na makao yake pale pale kijijini. Ndugu yake Robert Dale Owen aliingia Bungeni na kusaidia kupitisha sheria iliyoanzisha taasisi ya Smithsonian mwaka 1846. Maktaba ya wafanyakazi iliyofunguliwa hapo mwaka 1838 ingali wazi. Mtu akiniuliza ni jumuiya gani kati ya hizo mbili iliyoifaa zaidi dunia iliyoizunguka, siwezi kumjibu kwa kumtajia idadi ya miaka.

Wala kuwa na watoto peke yake hakukuwa dawa. Amana walioa na kuzaa, na bado kizazi kilichokua na magari, magazeti na mishahara ya majirani machoni pake hakikuona tena sababu ya kula jiko moja. Mwaka 1932 walipiga kura, wakalitenga kanisa na kampuni, wakagawana hisa. Kanisa lipo hadi leo. Mali ya pamoja haipo. Mali ile ilisimama juu ya sauti ya vyombo vya Mungu, na sauti hiyo ilikuwa imenyamaza kwa karibu miaka hamsini.

## Waliogawanyika ili waendelee

Waliobaki katika habari hii ni Wahuteri, kundi jingine la Kikristo. Asili yao ni ya karne ya 16, lakini mali ya pamoja ilikuwa imewatoka mwaka 1819, na ilifufuliwa Ukraine mwaka 1859, mmoja wa wahubiri walioifufua akiwa Michael Waldner, mhunzi kwa kazi. Kuanzia mwaka 1874 walihamia Dakota. Wengi wao walichukua mashamba binafsi na kuyeyuka katika makanisa mengine. Sehemu ndogo, takriban watu 400, waliunda makoloni matatu. Kutoka hao wametokea zaidi ya watu 45,000 katika makoloni takriban 500, mengi yakiwa Kanada, ambako wengi walikimbilia baada ya vijana wao kuteswa gerezani kwa kukataa jeshi mwaka 1918.

Wanazaa, wanafundisha watoto wao Kijerumani na maandiko, na hawaogopi trekta wala kompyuta ya kupimia maziwa. Lakini utaratibu wao ninaoufikiria zaidi unahusu ukubwa. Koloni likikaribia watu 150, kazi za kuwapa vijana hupungua, na makundi ya kifamilia huanza kuvutana; hapo hununua ardhi nyingine na kujenga koloni jipya, mara nyingi kwa miaka kadhaa, huku nyumba na zana zikiandaliwa kwa pande zote mbili kwa usawa. Familia hupangwa katika orodha mbili, kila moja ikiwa na mhubiri wake. Kimapokeo kila mtu hufunga mizigo yake, hata wale ambao watabaki, kwa kuwa kura ya kuamua orodha ipi iondoke hupigwa mwishoni kabisa, pengine usiku wa kuamkia safari.

Hadi kura hiyo ipigwe, hakuna anayejua kama nyumba anayoikarabati ni yake au ni ya ndugu yake. Vijana wengine bado huondoka bila chochote mkononi, kama Nachtrieb, na baadhi yao hurudi baada ya miaka michache kuomba ubatizo. Wahuteri hawajalitatua tatizo la anayetaka kutoka. Walichofanya ni kuhakikisha kwamba, kila baada ya kizazi kimoja hivi, mali yote inahesabiwa hadharani, inagawanywa nusu kwa nusu, na anayeigawa hajui nusu ipi itamwangukia.